Kansa ya kibofu: tulipie kipimo cha CD44 au tuache?

SWALI: Shikamoo dokta. Nasoma maabara mwaka wa pili. Baba yangu mdogo alikua anakojoa damu bila maumivu, wakaingiza kamera kwenye kibofu wakakwangua uvimbe, majibu yamekuja urotheli kasinoma (kansa ya utando wa ndani wa kibofu), gredi ya juu, T1. Nimesoma sehemu kwamba CD44, ALDH1 na SOX2 ni alama za seli shina za kansa na zikiwa nyingi ugonjwa unakimbia. Je tulipie hicho kipimo ili tujue kama itasambaa?

JIBU: Marahaba, na poleni sana nyumbani. Kwa kifupi hapana, hela hiyo msiitoe huko, ila swali lako ni zuri ngoja nilifungue.

Ukuta wa ndani wa kibofu una matabaka, chini kabisa kuna seli changa ambazo ndo zinazaa zingine, yani seli shina, hizo zina CD44 na protini iitwayo keratini 5, alafu zikipanda juu zikakomaa zinapoteza hizo na kuvaa keratini 20. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichukua uvimbe wa wagonjwa, wakazichambua seli wakapandikiza kwenye panya, wakaona zile zenye CD44 na keratini 5 lakini hazina keratini 20 ndo zinaotesha uvimbe mpya vizuri zaidi kuliko zilizokomaa. Ni kama magugu shambani, ukifyeka majani mizizi ikabaki utarudi tena na jembe. Baadae ikaonekana kuna kundi changa zaidi lenye keratini 14, na wagonjwa wenye nayo kwa wingi kwa wastani hawakufanya vizuri.

Mimi kilichonivutia zaidi ni kazi ya watafiti wa Houston, Marekani, ilitoka 2015. Kemo inaua seli zinazogawanyika haraka, sawa, lakini zile zinazokufa zinamwaga prostaglandini E2 (kemikali ya mwili inayoleta uvimbe na maumivu), na hiyo inaziamsha seli shina zenye keratini 14 zianze kugawanyika kati ya mzunguko mmoja wa dawa na mwingine, kwahiyo uvimbe unajaza pengo lake wenyewe. Kwenye panya waliongeza selekoksibu, dawa ya maumivu, kuzuia hiyo prostaglandini na kemo ikafanya kazi vizuri. Na usikimbilie famasi kumnunulia baba mdogo, nimesema panya, na hiyo dawa ina kesi zake kwenye moyo na figo.

Sasa kwanini nakataa kipimo. CD44 iko pia kwenye tabaka la chini la kibofu kizima kisicho na ugonjwa wowote, alafu tafiti zingine zimekuta inapungua kadiri uvimbe unavyozama, yani kinyume na ulichosoma. ALDH1 na SOX2 nazo kila maabara ina kingamwili yake ya kupimia na mstari wake wa kusema "nyingi". Wastani wa wagonjwa mia hauniambii kitu kuhusu mgonjwa mmoja, na hata nikikupa jibu la "chanya" hakuna dawa tutakayobadilisha. Na kwa wale wa Kanda ya Ziwa na pwani wanaopata kansa ya seli bapa kutokana na kichocho ndo usiseme kabisa, manake seli bapa zina keratini 5 na 14 kwa asili yake, hapo hiyo alama inasema tu hizi ni seli za aina gani.

Kinachoamua kwa sasa ni kina, yani uvimbe umezama kiasi gani. T1 maana yake imevuka utando wa ndani lakini haijagusa msuli, ikigusa msuli inaitwa T2 na habari inakua nyingine, mara nyingi ni kutoa kibofu chote au mionzi pamoja na kemo. Kwahiyo ulizia hivi: kwenye kile kipande walichokata, msuli ulikuwepo? Kama haukuwepo hiyo T1 usiiamini sana. Na hata kama ulikuwepo, T1 ya gredi ya juu kwa kawaida inakwanguliwa mara ya pili ndani ya wiki 2 hadi 6, manake mara nyingi kuna mabaki, na wakati mwingine inakutwa kumbe ilishafika msulini. Hela ziwekeni huko, kisha kwenye BCG (ile ile ya chanjo ya kifua kikuu) ya kuwekwa ndani ya kibofu na kamera ya kila miezi 3 mwanzoni. Kama anavuta sigara aache leo.

Omba ripoti nzima ya patholojia, sio ile karatasi ya mistari miwili, uniandikie wamesemaje kuhusu msuli.