Kadi ya SNAP na Kuku Aliyekataliwa

Swali: Ninaishi Ohio, Marekani. Kadi yangu ya msaada wa chakula, SNAP, ilikataa kulipia kuku wa moto aliyekwisha kuokwa dukani. Kwa nini, na nifanyeje ili msaada huu ufike mwisho wa mwezi?

Jibu: Dada, kwa kawaida SNAP hailipii chakula kinachouzwa kikiwa cha moto, wala sabuni, dawa au pombe; lakini kuku mbichi ungempata bila kikwazo. Sharti hilo naliona gumu kwa mtu anayetoka kazini usiku. Hata hivyo, mbegu na miche ya mboga inaruhusiwa, hivyo sukumawiki iliyopandwa kwenye ndoo itakupunguzia gharama majira yote ya joto. Maharage makavu na mchele wa mfuko mkubwa ununue mapema; salio lisilotumika huhamia mwezi unaofuata.