Miradi ya fasihi badala ya mtihani: ipi inapima kweli na ipi ni mapambo tu

Mwalimu uliyeuliza kama inawezekana kupima fasihi bila mtihani, maana wanafunzi wako wanameza muhtasari wa kitabu na kuutema vilevile, jibu langu ni ndiyo. Nafundisha fasihi miaka mingi sasa na nimejaribu mambo kibao, ila usije ukadhani kila mradi ni dawa. Mingi inayosifiwa ni mapambo. Kuchora jalada jipya, kutengeneza bango la wahusika, kufinyanga nyumba ya mhusika mkuu kwa udongo, yani dogo anaweza kupata maksi zote na kitabu hajakifungua, na siku hizi akili mnemba inamchorea hilo jalada kabla hujamaliza kutoa maelekezo. Mi najiuliza kitu kimoja tu: ambaye hajasoma anaweza kuufanya huu mradi? Kama anaweza, tupa kule.

Ulionilipa kuliko yote ni mahakama. Nilianza na Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) kwa sababu kitabu chenyewe ni kesi, Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kuanzisha elimu ya sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote za dunia mpaka mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya maana wakaishia kifungoni. Darasani nikaigeuza, anayepanda kizimbani ni Majivuno. Kundi moja mashitaka, lingine utetezi, wengine ndio wajumbe wanaoitwa kutoa ushahidi, waliobaki wazee wa baraza. Sheria ni moja, ukisema jambo taja ukurasa, ukishindwa upande wa pili unapiga kelele "UKURASA!" na hoja inafutwa.

Aisee hapo ndo utaona watu wanasoma. Kijana aliyekuwa mjumbe Buruhani aliulizwa swali dogo tu, huko mashariki uliona nini, akaanza kushusha maneno matamu ya kubuni, wenzake wakamdaka, ukurasa? Kimya. Ikabidi afunue kitabu palepale mbele ya watu, na darasa zima nalo likaanza kufunua maana kila upande unataka kuwahi, na mimi nimekaa tu nyuma na daftari langu. Ila aliyenifurahisha zaidi ni binti aliyepangiwa kumtetea Majivuno, mhusika asiyempenda hata kidogo. Alilazimika kutafuta ndani ya kitabu nchi ile inaendeshwaje mpaka mtu kama yule anakuwa na nguvu, akajenga hoja kwamba baraza zima lilikaa kimya kwa hiyo mashitaka yasimwangukie mtu mmoja. Huo ni uhakiki kabisa, na kwenye mtihani sijawahi kuupata kwake.

Kwa tamthiliya mi natumia kiti moto. Mwanafunzi anakaa mbele kama mhusika, wenzake wanamhoji, anajibu kwa nafsi ya kwanza. Siri iko kwenye maswali, ukiacha waulize "unaitwa nani, unaishi wapi" umekwisha. Chukua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya 1969, kuhusu Vita vya Maji Maji na Kinjeketile aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi. Swali la maana pale ni hili: watu wanakufa, umekamatwa, kwa nini hukubali kutamka kwamba maji yalikuwa uongo? Aliyesoma mwisho anajua Kinjeketile anaogopa hilo neno litakavyotumika kwa watakaozaliwa baadaye, aliyesoma mwongozo tu atakwambia "kwa sababu ni shujaa" na hapo hapo umeshampima.

Mashairi ndo rahisi kuliko vyote na watu wanayaogopa bure. Wape shairi la tarbia wajibu kwa shairi, arudhi (yani kanuni za utunzi) ileile, mishororo minne kila ubeti, mizani 8 kwa 8, vina vilevile. Hauwezi kulijibu shairi ambalo hujalielewa. Wakizoea wape shairi huru walitie vina, watahangaika kweli maana maneno mengine yanagoma, na wataanza kuona wenyewe mshairi alipata nini kwa kuviacha.

Kurasa za mitandaoni za wahusika wanazipenda sana lakini kwangu zinatoka nyepesi, shajara ya mhusika mdogo asiyeongea sana kitabuni ni bora mara kumi.

Sasa maksi, maana hapa ndo wengi wanachemka, wanatoa kwa uzuri wa mchoro na sauti ya kuigiza. Mi kwenye 20 naweka 8 za ushahidi kutoka kitabuni, 6 za tafsiri yake mwenyewe, 4 za kujibu maswali kwa mdomo, 2 tu za unadhifu. Na kazi ya kundi haina maksi ya kundi peke yake, baada ya onyesho kila mtu anaandika nusu ukurasa palepale darasani bila simu: ulichagua nini, kipande gani cha kitabu kilikufanya uchague hivyo. Waliopanda migongo ya wenzao wanaonekana wazi kabisa kwenye hiyo nusu ukurasa.

Ukiniambia bado wana mtihani wa mwisho wa mfumo wenu, sawa, hata wangu wanao. Wiki inayofuata nawaambia wageuze hotuba zao za mahakamani kuwa insha, hoja zipo, kurasa zipo, kilichobaki ni utangulizi na kupanga aya.

Na darasa likiwa kubwa usijaribu kusikiliza wote siku moja utazimia, gawa kesi mbili au tatu kwa sura tofauti, wasio na zamu ndio wazee wa baraza na hukumu wanaiandika na kuikusanya. Aliyetoroka siku ya kesi simpi bango la kuchora nyumbani, anakuja kukaa kiti moto peke yake na maswali nauliza mimi.