Mgonjwa hakojoi: anza na jagi, si na majina ya magonjwa

Mdogo wangu, umeuliza uisomeje mada ya figo na njia ya mkojo kabla ya mtihani wa mwaka wa pili, maana kila ugonjwa unaousoma unafanana na mwenzake: kuvimba, presha, mkojo kidogo. Mimi nina miaka 11 wodini, mingi nikiwa upande wa wanaume. Achana kwanza na majina. Shika jagi la kupimia mkojo.

Mtu mzima hutakiwa kutoa angalau nusu mililita ya mkojo kwa kila kilo ya uzito wake, kila saa. Mwenye kilo 60 basi ni mililita 30 kwa saa. Akitoa chini ya 400 kwa siku nzima, kuna jambo. Ukishaipata namba hiyo, jiulize swali moja tu: kasoro iko kabla ya figo, ndani ya figo, au baada ya figo? Kila ugonjwa kwenye daftari lako una mahali pake katika hayo matatu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini tulilaza mzee wa miaka sabini na kitu. Chati ilionyesha mililita 50 tangu asubuhi. Tukamtundikia dripu, mkojo hola. Akaandikiwa frusemidi, dawa ya kukojoza, nikamchoma, bado hola, na mzee anazidi kuhangaika kitandani. Usiku akaingia sista wa zamu, mama mtu mzima. Hakugusa chati. Alifunua shuka, akaweka kiganja chini ya kitovu, akagonga kwa kidole. Palikuwa pagumu kama mpira, na mlio wake mzito. Akaniambia, "Mwanangu, figo za huyu zinafanya kazi. Mlango ndio umefungwa." Tulipompitishia mpira wa mkojo ilitoka lita moja na nusu. Kumbe ni tezi dume iliyovimba ikabana njia ya mkojo: kasoro ya baada ya figo. Na mimi tangu mchana nilikuwa namwongezea maji mtu ambaye kibofu chake kimejaa.

Ndugu zake walikuwa wamesema kabisa kwamba mzee "anajikojolea". Nililichukulia kama jambo la uzee, kumbe ni kibofu kilichofurika kinadondosha matone. Kwa hiyo mgonjwa asiyekojoa, mguse tumbo la chini kabla hujawaza lingine. Kama tayari ana mpira, ufuatilie kutoka kwake hadi kwenye mfuko: umejikunja? Ameulalia? Una bonge la damu? Na ukishamzibua usiondoke. Figo zilizokuwa zimebanwa huweza kumwaga mkojo kupita kiasi, zaidi ya mililita 200 kwa saa, na presha ikaporomoka. Pima kila saa.

Kabla ya figo ni habari ya damu kutofika: kuharisha sana, mama aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, moyo ulioshindwa kusukuma. Figo yenyewe nzima, ila ina kiu. Ukichelewa ndipo inapoharibika kweli.

Ndani ya figo ndiko mnakochanganyikiwa wengi, na hapa utenganishe kwa mkojo wenyewe. Mkojo wenye povu, mwili umevimba, albumini (protini kuu ya damu) iko chini: hapo figo inavujisha protini, zaidi ya gramu 3.5 kwa siku kwa mtu mzima. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi, mtoto ameamka uso umevimba, presha iko juu: hapo kuna damu. Muulize mama yake kuhusu koo au vidonda vya ngozi wiki chache nyuma. Usisahau na dawa, hasa gentamaisini, antibiotiki ya sindano, na diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo watu wanainunua dukani kama pipi.

Sasa potasiamu, madini ya damu ambayo figo ikishindwa hujikusanya, maana hiyo ndiyo inayoua haraka. Kawaida yake ni milimoli 3.5 hadi 5 kwa lita ya damu. Nilimkuta kijana ambaye figo zimeshindwa na husafishwa damu kwa mashine, aliyekosa zamu mbili kwa ajili ya nauli. Ndugu walikuwa wakimnywesha madafu, kwa mapenzi kabisa, wakiamini yanasafisha figo. Dafu limejaa potasiamu. Aliniambia miguu imelegea. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mawimbi ya T yamechongoka, dalili ya potasiamu kuzidi. Alipewa kalsiamu glukoneti, ambayo haishushi potasiamu hata kidogo, inaukinga moyo tu (swali hili walimu wanalipenda). Kisha insulini pamoja na glukosi, kuisukuma potasiamu iingie ndani ya seli, na sukari yake tukawa tunaipima kila saa. Lakini kuitoa mwilini ilibidi asafishwe damu usiku uleule. Alipona. Tangu hapo, kabla sijampima presha mgonjwa wa figo huwa nauliza ameletewa nini cha kula na kunywa.

Usiitegemee kreatinini, taka inayopimwa kwenye damu kujua hali ya figo, peke yake. Hupanda ikiwa imechelewa. Mkojo na uzito hukuambia mapema zaidi. Mpime kila asubuhi, mzani uleule, nguo zilezile: kilo iliyoongezeka kwa usiku mmoja ni kama lita moja ya maji.

Na yule mwenye mshipa wa kusafishia damu mkononi, mkono huo usifungwe kipimo cha presha wala kuchomwa sindano ya kuchukulia damu. Weka vidole juu yake kila zamu, usikie unavyotetema. Ukikuta umetulia, mwite daktari hapohapo.