Kabla ya Kupaka Mtaa Rangi Nyekundu

Ukichambua data za wagonjwa wa saratani Nairobi, hutakaa sana kabla ya kuulizwa kwa nini watu wa mtaa fulani wanafariki mapema. Anayeuliza mara nyingi anakuja na ramani, na mtaa wenyewe umeshapakwa nyekundu. Mimi humuuliza kwanza: mmehesabu vifo au mmepima muda? Embakasi ilikuwa na karibu watu milioni moja katika sensa ya 2019, kwa hiyo vifo vyake vitakuwa vingi tu. Tunachotafuta ni mahali ambapo mgonjwa, tangu ugonjwa ugunduliwe, anaishi muda mfupi kuliko wenzake wa kwingine.

Kwa kazi hii natumia SaTScan, programu ya bure iliyotokana na mbinu ya Martin Kulldorff. Modeli yake ya muda wa kuishi ilichapishwa mwaka 2007. Kompyuta huchora duara kuzunguka kila eneo, ikalipanua hadi limeze nusu ya wagonjwa, na kila hatua inalinganisha walio ndani na walio nje. Kisha muda wa wagonjwa huchanganywa kama karata na kugawiwa upya mitaani, mara 999 kwa kawaida. Tofauti ya duara lako ikizipita zote za bahati nasibu, thamani ya p, yaani uwezekano wa kuona tofauti kubwa hivyo kwa bahati tu, ni 0.001. Usipime mtaa mmoja mmoja kwa kiwango cha 0.05: katika mitaa 100 isiyo na tofauti yoyote, kama mitano itang'aa bure.

Hadi hapo ni kubofya tu. Shida iko kwenye fomu. Mgonjwa ametoka Kitui, amefikia kwa dadake Kayole ili awe karibu na kliniki, na karani anaandika "Kayole". Huyo amefika ugonjwa ukiwa hatua ya nne. Wakijaa wa namna hiyo, duara la Kayole litakuwa linakusimulia habari za Kitui. Ulizia kama fomu ina kaunti ya nyumbani. Kama haina, omba iongezwe.

Kinachonisumbua zaidi ni safari ya kurudi. Mgonjwa akizidiwa, familia humpeleka ushago. Daftarini anaonekana mara ya mwisho Machi, halafu kimya. Programu inamhesabu kama aliyekatizwa, yaani tuliyeacha kumwona akiwa hai, na mbinu hizi, tangu ile ya Kaplan na Meier ya 1958 ya kukadiria muda wa kuishi, huchukulia kwamba aliyepotea hana hali mbaya kuliko aliyebaki. Nairobi dhana hiyo haisimami. Mtaa wa wapangaji wanaorudi kwao kufia huko utaonekana una afya njema, ilhali familia za Wanubi wa Kibra, ambao kwao ni papo hapo, vifo vyao vitaingia vyote.

Kwa hiyo kabla ya kuendesha programu, linganisha idadi ya waliopotea kwa kila eneo. Kwa idhini ya kamati ya maadili, pigia jamaa simu. Piga jioni, jitambulishe, na usianze kamwe na "je, yuko hai?" Uliza mama anaendeleaje, kisha nyamaza usikilize. Wasiopatikana, rudia uchambuzi ukichukulia kwamba walifariki mwezi mmoja baada ya kliniki ya mwisho. Wekundu ukihama, ramani zote mbili ziingie kwenye ripoti, hata bosi akinuna.

Duara nalo lina upofu wake. Mathare ya mabanda na Muthaiga ya matajiri zinatenganishwa na barabara ya Thika tu; duara moja huzizoa zote mbili na tofauti inafifia. Umbo la yai husaidia kiasi, lakini bora zaidi ni data za ngazi ya kata ndogo. Kaunti ndogo 17 za Nairobi ni vipande vikubwa mno.

Mwisho, endesha mara mbili: bila kurekebisha, halafu baada ya kurekebisha umri na hatua ya ugonjwa, yaani kuondoa tofauti zinazotokana na hayo mawili. Wengi wakiona duara jekundu limetoweka baada ya kurekebisha hatua, hulifuta. Mimi silifuti. Maana yake ni kwamba watu wa pale hugunduliwa wamechelewa, na hapo wa kuulizwa ni zahanati za mtaani na gharama za vipimo, kabla ya kuilaumu wodi ya saratani.