Houston au Toronto? Muulize mama asiyeendesha gari

Haipiti wiki bila mtu kunitumia ujumbe WhatsApp: "Kaka, kati ya Marekani na Kanada, niende wapi?" Nami humuuliza, mji gani, mtaa gani? Hapo mazungumzo hupoa. Wengi wameshapiga hesabu za viza, mtaa hawajaufikiria.

Mimi nilikaa Houston kuanzia 2013, nikahamia Toronto 2019. Nimebeba boksi pande zote mbili. Ila aliyenifundisha kuupima mji ni mama yangu, mwenyeji wa Tanga, ambaye hajawahi kushika usukani.

Alikuja Houston 2016. Nilikuwa na vyumba viwili, kiyoyozi, maegesho, hata bwawa la kuogelea nisilowahi kuliogelea. Nikirudi jioni namkuta pale pale dirishani, amejifunga mtandio kama nilivyomwacha asubuhi. "Mwanangu, watu wa huku wako wapi?" Duka halikuwa mbali, lakini katikati palikuwa na barabara ya njia sita, na njia ya waenda kwa miguu ilikatika ghafla ikaishia kwenye majani. Alijaribu siku moja, akapigiwa honi mpaka akageuza. Kuanzia hapo akawa anahesabu siku za kurudi.

Toronto alikuja 2023. Safari hii nilimkaribisha besimenti (nyumba ya chini ya ardhi) ya Scarborough, upande wa mashariki wa Toronto, dirisha lake lina ukubwa wa sinia. Niliona aibu. Wiki ya pili nampigia simu kutoka kazini, hapokei. Nikaomba ruhusa, nikakimbia nyumbani nikiwa nimeshachanganyikiwa. Namuona huyo anashuka kwenye basi la 54, lile la Lawrence, mkononi ana mfuko wa kisamvu kilichogandishwa na mihogo. Hata salamu yangu hakuijibu. "Mwanangu, basi la huku linapiga goti!" Kumbe dereva alimwona mama ni mzee akaliinamisha ili apande bila taabu.

Nauli ya Toronto ya mtu mzima kwa PRESTO, kadi ya kulipia usafiri, ilikuwa dola 3.30 za Kanada, na ndani ya saa mbili unabadilisha mabasi na treni bila kulipa tena. Wazee wanalipa pungufu. Houston nako mabasi yapo, tena nauli yake ni ndogo zaidi, lakini kwa tulipokaa sisi, bila gari ulikuwa mfungwa. Kwa hiyo mtu akikutajia kodi nafuu ya nyumba Houston, ongeza juu yake gari, bima yake, mafuta na matairi, halafu ndiyo ulinganishe.

Hata ukiongeza hayo, pesa ya Houston ilikuwa inabaki. Jimbo la Texas, iliko Houston, halikati kodi ya mapato kwenye mshahara. Inakatwa ya serikali kuu tu. Ontario, jimbo iliko Toronto, wanakata wote wawili, serikali kuu na jimbo, na dukani unaongezewa kodi ya asilimia 13, wakati Houston ni 8.25. Nyumba ndiyo usiseme. Mwenye nyumba mmoja alinitaka nilipe miezi sita mbele, eti sina historia ya mikopo Kanada. Nilikuwa mgeni, nikaanza kukopa kwa marafiki, mpaka mmoja wao akanishtua: sheria ya Ontario inamruhusu kudai amana isiyozidi kodi ya mwezi mmoja, tena ihesabiwe kuwa kodi ya mwezi wako wa mwisho. Uliza pia jengo lilianza kukaliwa lini. Likiwa limekaliwa kwa mara ya kwanza baada ya 15 Novemba 2018, ule ukomo wa kupandisha kodi kila mwaka (2.5% kwa 2023 hadi 2025) haulihusu, na unaweza kupandishiwa ukabaki mdomo wazi.

Matibabu: Houston nilijikata kidole nikimenya muhogo, nyuzi nne, na bima ninayo, bado bili ikavuka dola elfu moja. Ontario nikitoa kadi ya OHIP, bima ya afya ya serikali ya jimbo, hospitalini siulizwi pesa. Naulizwa subira. Niliwahi kukaa saa saba sehemu ya dharura, na daktari wa familia nilimpata baada ya zaidi ya mwaka. Meno na dawa za kununua ni habari nyingine. Na mzazi anayekuja kutembea hana kadi hiyo: viza ile ndefu ya wazazi, inayomruhusu kukaa hadi miaka 5 kwa mpigo, inadai bima ya afya ya angalau dola 100,000 za Kanada.

Hali ya hewa sitaki kuirefusha. Joto la Houston ni la Tanga tu. Kilichonitoa roho ni maji ya kimbunga Harvey, Agosti 2017, yaliyozamisha gari langu. Baridi ya Toronto nunulia viatu kwanza, koti baadaye.

Usichukue haya ukayabandika nchi nzima. New York na Chicago wanaishi watu wasio na gari na mambo yao yanakwenda, na zipo pembe za Brampton, mji jirani na Toronto, ambako mama angerudi dirishani. Kabla hujasaini mkataba, fungua ramani, weka anwani ya nyumba, chagua Jumapili saa tatu usiku, uone utafikaje dukani kwa basi.

Mama nilimuuliza juzi akija tena angependa kufikia wapi. Akasema Toronto, ila nimtafutie nyumba yenye dirisha.