Kurudi kwa Jon Snow kulitayarishwa mapema

Umeuliza kama waandishi wa tamthilia ya televisheni ya Game of Thrones walikuwa wamepanga kumfufua Jon Snow, mmoja wa wahusika wakuu, walipomuua mwishoni mwa msimu wa 5, Juni 2015. Naamini walipanga, na ushahidi mzito uko katika msimu wa 3, pale kuhani Thoros anapomfufua mpiganaji Beric Dondarrion, kisha Melisandre, kuhani wa kike wa mungu yuleyule wa Thoros, anakutana nao na kustaajabia uwezo huo. Melisandre huyo ndiye anayerudi Castle Black, ngome ya kikosi cha Jon, muda mfupi kabla ya Jon kuchomwa visu na wenzake; hakupelekwa huko bure. Kinachonisikitisha ni kwamba Jon alipofufuka katika msimu wa 6, kifo hakikumbadilisha vya kutosha, ilhali Beric alikiri kwamba kila kufufuka kulimpunguzia kitu.