Usiishushe chupa bado: ndege mvumaji kuanzia Agosti hadi Oktoba

Kila Septemba ikiingia, hakosi jirani wa kukwambia kwamba ukiendelea kuwawekea ndege wavumaji (kwa Kiingereza hummingbird) chupa ya maji ya sukari watanogewa, wataahirisha safari, na baridi itawakuta hapo hapo uani kwako. Maneno haya yameenea Marekani na Kanada, na si kweli. Kinachomwondosha ndege huyu ni kufupika kwa mchana. Siku yake ikifika ataondoka na chupa imejaa mpaka juu. Anayechelewa ni aliyezaliwa mwishoni, aliyeumia, au aliyetoka kaskazini zaidi na yuko njiani, na huyo ndiye mwenye shida na chupa kuliko wenzake wote wa kiangazi.

Tunayoyaeleza hapa yanahusu upande wa mashariki wa Amerika Kaskazini: Columbus, Louisville, Minneapolis, Toronto, hadi Houston kusini. Huko aina ya mvumaji anayezaliana ni moja tu, yule ambaye dume lake lina koo jekundu. Si chozi. Chozi wa Afrika Mashariki kwa kawaida hutua kwanza kwenye kijiti, akashika vizuri, ndipo anyonye ua. Mvumaji hunyonya akiwa amesimama hewani, mabawa yakipiga takribani mara 50 kwa sekunde, na mvumo unaousikia ni wa mabawa hayo. Hata ukoo si mmoja. Jamaa wa karibu wa mvumaji ni ndege aitwaye teleka. Wavumaji wanaishi mabara ya Amerika pekee, kwa hiyo ukitumiwa video ya "mvumaji" kutoka Moshi au Mombasa, jua ni chozi, au ni nondo wa mchana anayeelea mbele ya ua.

Maji yenyewe ni rahisi mno, na pengine ndiyo maana watu huyaharibu kwa kuyaongezea vikorombwezo. Sukari nyeupe ya kawaida kikombe 1, maji vikombe 4. Kwa mizani ni gramu 200 za sukari kwa mililita 950 hivi za maji. Aliyezoea kuchovya kaimati ataona ni mepesi mno, lakini hatupiki shira hapa; tunakaribia utamu wa maua anayoyatembelea. Ukitumia maji ya moto sukari huyeyuka haraka. Kuchemsha si lazima, na ukichemsha muda mrefu maji yatapungua na kipimo kitakuwa kimebadilika bila wewe kujua. Acha yapoe kabisa. Yanayobaki yakae kwenye friji, kwenye chupa safi yenye kifuniko, si zaidi ya wiki 2.

Usitie asali: ikishachanganywa na maji huchachuka upesi na kuotesha kuvu. Usitie sukari ya kahawia wala sukari guru, kwa sababu zina madini ya chuma kuliko anachoweza kuhimili kiumbe wa gramu 3. Sukari bandia za wagonjwa wa kisukari hazina nguvu ndani yake. Utakuwa unamjaza tumbo na kumwacha na njaa. Rangi nyekundu haina kazi yoyote. Wekundu wa chombo chenyewe unatosha kumwita.

Lakini kama kuna jambo moja la kulishika katika msimu huu, ni usafi. Agosti jua bado ni kali, na maji ya sukari kwenye joto la nyuzi 32 au zaidi yanaweza kuharibika ndani ya siku moja. Hapo badilisha kila siku. Joto likiwa la wastani, siku 2 au 3. Oktoba, hali ya hewa ikiwa imepoa, unaweza kwenda mpaka siku 4 au 5. Yakiwa na ukungu mweupe, nyuzinyuzi zinazoelea, au harufu ya kuchachuka, mwaga hata kama uliyaweka jana. Kosa la kawaida ni kujaza chupa ya lita nzima ili upate kupumzika wiki. Ndege wawili watatu hawamalizi hata robo yake, na robo tatu inaoza mbele ya macho yao. Weka kidogo, mililita 100 au 150, ubadilishe mara kwa mara. Sukari ni rahisi.

Kuosha, fungua kila kipande kinachofunguka. Maji ya moto na brashi ya chupa, kisha brashi nyembamba kwa vile vitundu vya kunyonyea, maana kuvu jeusi huanzia humo, nyuma ya ua la plastiki, mahali ambapo jicho halifiki. Shika kipande kwenye mwanga na uchungulie tundu kutoka upande wa ndani. Ukiona duara jeusi pembeni, loweka saa moja kwenye siki iliyochanganywa na maji, sehemu 1 kwa 2, usugue tena. Kuvu sugu linahitaji dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa maji 10, kisha suuza mpaka harufu iishe na uache kikauke. Kabla ya kununua chombo, jaribu kukifungua dukani. Kama mkono au brashi haviingii, kiache hapo hapo hata kiwe kizuri namna gani.

Kuna vyombo vya aina mbili. Chupa iliyopinduliwa huning'inia na hewa iliyonaswa juu yake. Jua likiipiga, hewa hiyo hutanuka na kuyasukuma maji nje kupitia vitundu. Ndiyo maana chupa huvuja mchana na jioni ikaacha, na watu wakadhani imepasuka. Ihamishie kivulini, na kagua washa ya mpira shingoni. Kisahani chenye kifuniko hakina shida hiyo, hakidondoki, na ni rahisi kuosha. Sisi tunapendelea kisahani.

Sehemu ya kutundika iwe na kivuli cha mchana na kijiti karibu cha kupumzikia. Dirisha ni hatari. Chombo kikiwa karibu kabisa na kioo, chini ya mita 1, ndege hapati mwendo wa kujigonga kwa nguvu. Umbali wa kati, kama mita 5 hadi 10, ndio unaoua. Kama jirani ana paka, pandisha juu na usitundike juu ya kichaka ambamo paka anaweza kujificha.

Agosti na Septemba ndio msimu wa nyigu. Wanapenda rangi ya njano, kwa hiyo yale maua ya njano ya urembo kwenye vitundu yang'oe. Kwenye kisahani, punguza maji yashuke chini kidogo ya tundu: ulimi wa nyigu haufiki, wa mvumaji unafika bila taabu. Sisimizi huzuiwa na kikombe kidogo cha maji kinachowekwa juu ya ndoano ya kutundikia, maana hawawezi kuvuka. Usipake mafuta wala grisi kwenye waya. Yakimgusa ndege manyoya hushikana, na kwa ndege anayeishi kwa kuruka hilo ni janga. Mwingine wa kuangalia ni vunjajungu. Wale wakubwa huweza kukaa juu ya chombo kama jani, wakamdaka mvumaji anapokaribia. Mwondoe kwa kijiti, umpeleke mbali bustanini. Dawa za kuua wadudu usipulize kabisa. Mvumaji haishi kwa sukari tu. Hula mbu, visubi na buibui wadogo, na huko ndiko anakopata protini.

Ugomvi utauona mwenyewe. Ndege mmoja hukaa kwenye tawi la juu na kumfukuza kila anayekuja, hata kama chupa ina vitundu sita. Kuongeza vitundu hakusaidii. Weka chombo cha pili upande mwingine wa nyumba, mahali ambapo huyo mbabe haoni. Wakiwa wengi njiani, fanya kinyume: vitundike vitatu vinne pamoja, kwa sababu hakuna anayeweza kulinda vyote huku wageni wanaingia kila upande.

Kutazama kunataka kujua nani yuko mbele yako. Madume wazima hutangulia, wengine wakianza mwisho wa Julai, na katika sehemu nyingi za kaskazini ifikapo katikati ya Septemba ni nadra kumwona. Majike hufuata, na makinda wa mwaka huu huwa wa mwisho. Hakuna anayewaongoza. Kila mmoja husafiri peke yake, njia ambayo hajawahi kuipita. Kwa hiyo ukiona madume yametoweka, usidhani chupa yako imesusiwa. Ngoja uone vijana.

Kutofautisha, anza na koo na mkia. Dume mzima ana koo jekundu na mkia wenye panda usio na weupe. Koo hilo huonekana jeusi kabisa mwanga ukiwa upande usiofaa, kwa sababu wekundu wake hautokani na rangi iliyomo kwenye unyoya bali na jinsi unyoya unavyorudisha mwanga. Subiri ageuke. Jike ana koo jeupe na ncha nyeupe pembeni mwa mkia. Kijana dume humfanana mama yake, ila ukimkazia macho utaona mistari ya kijivu kooni, na mara nyingi unyoya mmoja mwekundu, au hata mitatu, uliochomoza kama tone la damu. Darubini yoyote inayoweza kulenga kitu kilicho mita 2 au 3 inatosha. Kaa kimya kwenye kiti saa moja baada ya mapambazuko, au saa ya mwisho kabla ya giza, anapojaza tumbo la kulalia.

Halafu tazama tumbo. Kwa kawaida mvumaji ana uzito wa gramu 3 hivi. Sarafu ya senti 1 ya Marekani ni gramu 2.5. Kabla ya safari hula mpaka akakaribia gramu 6, karibu yote ya ziada ikiwa mafuta. Akikaa kijitini kwa ubavu utamwona amevimba kifuani na tumboni kama kibuyu kidogo. Mafuta hayo yana kazi: wengi wao huvuka Ghuba ya Meksiko bila kutua, kiasi cha kilomita 800, usiku na mchana. Wengine hufuata pwani ya Texas, na ndiyo maana mji wa Rockport una tamasha la wavumaji kila Septemba. Mwisho wa safari ni kusini mwa Meksiko na Amerika ya Kati.

Usihesabu kwa kuona watatu ukasema "nina watatu." Msimu huu wageni hupita kila siku, wakijaza mafuta na kuondoka, na hao uliowaona kwa pamoja ni sehemu ndogo ya waliokunywa siku hiyo. Upepo wa baridi kutoka kaskazini ukipita, asubuhi yake chombo huweza kuwa kitupu kwa sababu wameutumia upepo kuondoka, au kikajaa wageni wapya. Andika tarehe kwenye kalenda ya jikoni. Baada ya miaka michache utakuwa unajua ua wako kuliko ramani yoyote.

Ukitaka kuongezea maua, panda Lobelia cardinalis, nyekundu, inayopenda udongo wenye unyevu, au uiachie Impatiens capensis ya maua ya rangi ya chungwa iote yenyewe kwenye bonde lako. Zote huchanua wakati ndege wako njiani.

Asubuhi ya baridi unaweza kumkuta amening'inia kichwa chini kwenye kijiti cha chombo, baridi, hatikisiki. Usimtoe. Usiku hupunguza joto la mwili na mapigo ya moyo ili asimalize akiba yake, na wakati mwingine kuzinduka humkuta hapo. Mpe nusu saa ya jua. Ukiona kweli ameumia, piga simu kwa mtaalamu mwenye leseni ya kutibu ndege wa porini. Sheria ya Marekani ya mwaka 1918 inayolinda ndege wahamao hairuhusu kumfuga.

Akiingia gereji na kuzunguka darini, tatizo mara nyingi ni ile kamba yenye mshikio mwekundu ya kufungulia mlango kwa mkono. Amedhani ni ua, na sasa kila akitishika hupaa juu badala ya kutoka. Zima taa, fungua mlango wote, funika mshikio kwa kitambaa au upake rangi nyeusi, kisha tundika chombo cha maji kwenye kizingiti, nje kidogo. Uondoke. Kumfukuza kwa ufagio humchosha, na mvumaji aliyeishiwa nguvu hana muda mrefu.

Chombo kishushwe wiki 2 baada ya kumwona wa mwisho, si kabla. Maji yakikaribia kuganda, kiingize ndani usiku na ukitoe kabla ya mapambazuko. Na mvumaji anayetokea mwishoni mwa Oktoba au Novemba mtazame mara mbili. Akiwa na rangi ya kutu ubavuni na kwenye mkia, huenda ni wa aina ya magharibi, ambao huzaliana hadi Alaska na ambao wachache wao huishia mashariki kila mwaka. Huyo mpige picha ya mkia uliotandazwa, umpelekee mtafiti anayewafunga ndege pete mguuni ili kuwatambua katika jimbo lako. Wengi wa wafungaji pete hao watafurahi kufika uani kwako.